Msimwoshe Mama Courage

Kwa muda sasa imekuwako hoja inayozungushwa katika mikutano yetu, nayo imekwisha kupata nguvu ya sheria ingawa hatujui ni nani aliyeitunga. Yasema kwamba tamthilia ya kigeni ikifasiriwa kwa ajili ya shule na majukwaa yetu, sharti ifasiriwe kwa Kiswahili sanifu kitupu, kisicho na doa la kambini wala la sokoni. Baadhi yetu tulifasiri onyesho la tatu la tamthilia ya Bertolt Brecht, Mutter Courage und ihre Kinder, ili wanafunzi wetu waliigize. Tuliupeleka muswada kwa kamati moja ya wasomaji, ambayo hatutaitaja. Ulirudi umejaa wino mwekundu. Neno "kuruta" lilikuwa limefutwa na kuandikwa "askari mpya". "Afande" amekuwa "mheshimiwa". "Magendo" yamekuwa "biashara isiyo rasmi". Na chini kabisa tulipewa ushauri kwamba mhusika mkuu atiliwe maneno ya huruma zaidi kinywani, kwa kuwa ni mama.

Hatuandiki kuulalamikia wino. Tunaandika kwa sababu kosa hilo hilo limekwisha kufanywa na watu wenye majumba makubwa ya michezo, waigizaji mashuhuri na fedha za kutosha, na matokeo yake yanajulikana. Historia ya mchezo huu nje ya Ujerumani kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliotaka kumwosha mama huyu. Ingekuwa aibu sisi, tulio karibu naye zaidi ya wengi wao, tuwafuate katika jambo waliloshindwa.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe tutaueleza kwa ufupi. Anna Fierling, aitwaye Courage, ni mchuuzi anayeyafuata majeshi na gari lake katika Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoiteketeza Ulaya ya kati tangu 1618 hadi 1648. Ana watoto watatu, kila mmoja na baba yake, naye ataka vita vimlishe bila ya yeye kuvilipa. Vinamdai wote watatu. Eilif anachukuliwa na mwandikisha askari wakati mama yake anapatana bei ya kifungo cha mkanda. Schweizerkas, ambaye jina lake ni jibini la Uswisi, ni mtunza sanduku la fedha la kikosi. Anashikwa na adui, na angeweza kukombolewa kwa gulden 200, kama mama angekubali kulitoa gari rehani na kulipa zote. Mama anataka kulipa 120, ili zimbakie za kuanzia maisha upya. Akiwa bado katika mapatano ngoma zinalia kwa mbali, na kijana amekwisha kupigwa risasi. Kattrin, binti asiyeweza kusema, anauawa juu ya paa akipiga ngoma kuuamsha mji unaonyemelewa usiku, na saa hiyo mama yake yumo mjini ananunua bidhaa. Mwishoni mama analipia mazishi, anajifunga kamba za gari peke yake, na kulifuata jeshi.

Basi tazameni: hakuna kifo hata kimoja hapo ambacho hakikuja na bei yake. Ukiziondoa bei, kinachobaki ni mama aliyefiwa, na mama aliyefiwa tunaye katika nyimbo zetu tangu kale. Hatuna haja ya kumwagiza kutoka Ujerumani.

Brecht aliuandika mchezo huu mwaka 1939 akiwa mkimbizi nchini Sweden, vita vikuu vya pili vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Ulionyeshwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 1941 mjini Zürich, kwa Kijerumani bado lakini nje ya Ujerumani, na Therese Giehse ndiye aliyekuwa Courage. Ulipokewa vizuri mno. Wahakiki walimtaja Niobe wa hadithi za Wayunani, mama aliyegeuka jiwe kwa kuwalilia wanawe, na walizisifu nguvu za uzazi zisizovunjika. Mtunzi hakufurahi. Alipourudia mchezo kwa ajili ya Berlin aliubadilisha, na mfano mmoja watosha. Katika maandishi ya kwanza, watu waliojeruhiwa wanapohitaji vitambaa, Courage mwenyewe anayatoa mashati yake ya kuuza yakapasuliwe. Katika maandishi mapya anakataa, na mashati yananyakuliwa kwa nguvu. Yaani mwandishi mwenyewe alichukua kalamu akamwondolea mama yake huruma, na sisi leo tunaambiwa tuirudishe!

Onyesho la Berlin la tarehe 11 Januari 1949 ndilo lililoufanya mchezo huu ujulikane duniani. Helene Weigel, mke wa Brecht, ndiye aliyeigiza. Wengi hukumbuka kinywa chake kilichofunguka wazi bila sauti anapomsikia mwanawe akiuawa. Sisi twapenda zaidi jambo jingine, dogo, la mwisho wa mchezo. Akiwalipa wakulima watakaomzika Kattrin, alitoa sarafu mfukoni, akazitazama, akairudisha moja. Katika kitendo hicho mna uhakiki wa kutosha kujaza kitabu. Mama anamlilia binti yake, na mkono wake unaendelea kuhesabu.

Ni haki tukiri kwamba hata hapo Berlin walilia. Watazamaji wale walitoka katika magofu ya mji wao, na wengi walimwona mwenzao. Brecht alinung'unika kwamba waliyaona mateso ya Courage lakini hawakuiona hatia yake, wala hawakuona kwamba yeye pia alitaka faida katika vita. Kwa hiyo kishawishi cha machozi kimo ndani ya mchezo wenyewe, na ndiyo sababu mfasiri hana ruhusa ya kukiongezea nguvu.

Alipouruhusu mchezo uende ng'ambo, Brecht aliogopa, akataka majumba ya kigeni yaige onyesho lake kwa kufuata kitabu cha picha na maelezo. Hilo nalo lilikuwa kosa, la upande wa pili. Mwaka 1955 Joan Littlewood aliuonyesha kwa Kiingereza huko Barnstaple, kusini-magharibi ya Uingereza. Ruhusa ilitolewa kwa sharti kwamba yeye mwenyewe aigize Courage, na msaidizi akatumwa kutoka Berlin kuyasimamia mazoezi. Littlewood alimzuia mlangoni. Onyesho lilianguka. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1956, siku chache baada ya Brecht kufariki, kundi lake la Berliner Ensemble liliuonyesha London kwa Kijerumani, kama lilivyokwisha kufanya Paris mwaka 1954, na watu wa michezo wa miji hiyo miwili hawakuacha kulizungumza jambo hilo kwa miaka mingi. Paris ilikuwa imekwisha kuupata mchezo kwa Kifaransa tangu 1951, kwa mkono wa Jean Vilar. Lakini walioduwaa waliduwaa mbele ya lugha wasiyoielewa. Hilo liwafikirishe wanaodhani kwamba usafi wa maneno ndio unaobeba tamthilia.

New York ilingoja hadi Machi 1963. Mwelekezi alikuwa Jerome Robbins, bingwa wa michezo ya ngoma na nyimbo. Mfasiri alikuwa Eric Bentley, aliyemjua Brecht vizuri. Na Courage alikuwa Anne Bancroft, mwigizaji hodari mwenye umri wa miaka 31. Maonyesho yalifikia 52 tu. Sababu zilikuwa nyingi, na hatudai kuzijua zote kwa kukaa huku. Lakini twasema bila woga kwamba mji ule, ambao wakati ule tikiti ya Broadway ilikuwa bidhaa ghali, ulimtaka mama wa kumwonea huruma, nao ukaletewa mchuuzi. Hawakujua wamfanyeje.

Waliofaulu ni wale waliorudisha soko jukwaani. Kundi la Richard Schechner, mwaka 1975, hapo hapo New York, liliuza chakula kwa watazamaji katikati ya mchezo, hata aliyekuja kumhukumu Courage akajikuta ni mteja wake; mwaka uliofuata wakauchukua hadi India. Mwaka 1980 Ntozake Shange, mshairi Mmarekani mweusi, aliuhamisha mchezo wote. Courage wake alikuwa mwanamke aliyetoka utumwani akapewa uhuru, anayechuuza nyuma ya jeshi la Marekani lilipokuwa likiwapiga wenyeji wa asili wa nchi ile. Hilo lahitaji ujasiri. Watu wake mwenyewe walitazamia kumwona akisifiwa, na yeye akawaonyesha mtu aliyeonewa anayepata riziki katika kuonewa kwa mwingine. Kwa neno moja moja Shange alikwenda mbali na Kijerumani. Kwa jambo lenyewe alikuwa karibu kuliko wengi waliofasiri kila nukta. Tony Kushner alipoufasiri upya mwaka 2006, Meryl Streep akaigiza katika bustani ya Central Park wakati wa vita vya Iraki, watu waliingia bure. Nasi twaona kichekesho kidogo katika kuutazama mchezo wa bei bila kulipa.

Tuje kwenye jina, maana hapo ndipo mwalimu wa lugha anapoonekana ana kazi gani.

"Courage" si neno la Kijerumani. Ni Kifaransa kilichookotwa na askari, na Brecht alilitoa katika kitabu cha Grimmelshausen cha mwaka 1670, ambamo lilikuwa na maana nyingine pia tusiyoweza kuiandika katika jarida la walimu. Katika tamthilia mama huyu alipewa jina hilo kwa sababu alilipitisha gari lake katikati ya mizinga huko Riga. Ukisikia hivyo utasema ni shujaa. Lakini alipita kwa sababu alikuwa na mikate hamsini inayoanza kuota ukungu, na hasara ilimtisha kuliko mizinga. Ukimwita "Mama Shujaa" umempa nishani asiyostahili. Wasinhala wa Sri Lanka walipouonyesha mwaka 1972 chini ya Henry Jayasena walichagua jina la kusifu, mama mwenye moyo, na hatuwalaumu kwa kuwa kila lugha ina njia zake. Kampala ilikwisha kuuona kwa Kiluganda, ukielekezwa na Jessica Kaahwa, kwa jina la Maama Nalukalala ne'Zzadde Lye. Msikieni Nalukalala huyo: mna ukali na ukaidi katika jina lake, na hutajua kwanza kama unasifiwa au unaonywa uondoke njiani. Mfasiri huyo alikuwa na sikio.

Na Kiswahili je? Kiswahili kimetuwekea hazina mlangoni nasi twairuka. Tunalo neno "jasiri", na tunalo "mjasiriamali". Anayethubutu kwa ajili ya mali: ndiye Anna Fierling, na mikate yake, na Riga yake. Somo la ujasiriamali linafundishwa katika shule za sekondari za Uganda na Rwanda, na wanafunzi wetu wanalifanyia mtihani. Mwiteni "Mama Jasiri" tu, na kila mwanafunzi atalisikia hilo "mali" lililonyamazishwa nyuma yake. Kijerumani chenyewe hakina bahati hiyo. Kamati, kwa taarifa yenu, ilipendekeza "Mama Mwenye Moyo Mkuu".

Sasa kuhusu lugha ya mchezo wote. Brecht alizaliwa Augsburg, katika jimbo la Bavaria, na watu wa mchezo huu hakuwaandikia Kijerumani sanifu cha jukwaani. Aliwatungia lugha yenye ladha ya kusini, ya askari na ya zamani, yenye mikato na ukali, ambayo hakuna Mjerumani aliyeisema nyumbani kwake lakini kila Mjerumani aliitambua. Mfasiri anayeileta kwa lugha ya risala za ufunguzi hajafasiri; ametafuta tu maana ya maneno katika kamusi.

Na ni lugha gani duniani iliyokuwa na mafunzo ya mchezo huu kuliko Kiswahili cha nchi hizi zetu? Sote tunajua, ingawa hatupendi kulisema mbele ya wageni, kwa nini raia wengi wa Uganda walikichukia Kiswahili. Kilikuwa lugha ya King's African Rifles, kisha lugha ya vizuizi barabarani. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 alikiongezea mzigo. Sisi walimu tumetumia maisha yetu kukifuta jasho hilo, tukiwaambia watoto kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na ya umoja. Ni kweli, na tutaendelea kuwaambia. Lakini mchezo wa mwanamke anayewauzia askari wa pande zote mbili hauwezi kusemwa na lugha isiyowahi kuingia kambini. Yetu iliingia. "Kuruta", "kwata", "kombania", "doria", "afande", "posho": hayo ni maneno ambayo watu walilipia.

Chukueni neno moja tu mlilolifuta. Waasia walipofukuzwa mwaka 1972 na maduka yao kugawiwa, kulizuka tabaka la matajiri wa ghafula, wengi wao maofisa wa jeshi na rafiki zao, na watu wakawaita "mafuta mingi". Katika muswada wetu anaitwa hivyo kanali mzee mwenye fedha, yule ambaye Yvette anamtumainia alinunue gari. Kamati ilisahihisha: "mafuta mengi". Sarufi imepona, na maana imekufa. "Mafuta mengi" ni sufuria la mandazi. "Mafuta mingi" ni historia nzima ya nchi katika maneno mawili, na kosa la sarufi ndilo linaloonyesha ni nani aliyesema, akiwa wapi, na akimwogopa nani. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alipofasiri mchezo wa Shakespeare uhusuo mfanyabiashara, aliuita Mabepari wa Venisi. Angeweza kuandika neno lisilo na ubishi. Alichagua lililo na wakati wake ndani yake, nasi tumelifundisha bila kulipaka wino mwekundu.

Wenzetu wana hoja mbili, nasi hatutaki kuzikwepa. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi atajifunza Kiswahili kibovu. Twajibu kwamba mchezo wenyewe umekitengea Kiswahili sanifu mahali pake. Kabla ya kila onyesho yako maelezo yanayowatangazia watazamaji mwaka, mahali na yatakayotokea. Hayo yaandikwe kwa lugha safi kabisa, na mwanafunzi ataona tofauti kwa macho. Tena yumo mhubiri wa jeshi, ambaye anaeleza kwa ufasaha kwa nini vita hivi ni vya dini na vinampendeza Mungu. Huyo tumempa Kiswahili sanifu kisicho na dosari. Hatukufanya hivyo kwa bahati mbaya.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ilisemwa na mwenzetu mmoja kwa uchungu wa kweli. Alisema kwamba wamo madarasani mwetu watoto waliofiwa katika vita, na waliofika kwa miguu kutoka ng'ambo ya mpaka, na kwamba ni ukatili kuwaonyesha mama anayepatana bei ya uhai wa mwanawe. Tulinyamaza aliposema hivyo. Lakini tumelitafakari na hatukubali. Watoto hao wanajua kuliko sisi kwamba kizuizini kulikuwa na bei. Wanawajua waliouza chumvi na sabuni kwa askari wa leo na wa jana, na baadhi yao walilishwa kwa fedha hizo. Tukiwapa mama wa machozi matupu tunawaambia kwamba waliyoyaona hayafai kusemwa kwa lugha ya shuleni.

Tena wengine wamekwisha kuyasema kwa niaba yao. Mwaka 2004 Lynn Nottage, mtunzi Mmarekani, alikuja Kampala akiwa na wazo la kuuhamishia mchezo wa Brecht nchini Kongo. Alizungumza na wanawake waliokimbia vita, akaliacha wazo la kuufuata mchezo ule, akaandika wake, Ruined, uliofunguliwa Chicago mwaka 2008 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 2009. Humo Mama Nadi anaendesha kilabu cha pombe karibu na machimbo ya Ituri, anawauzia askari wa serikali na waasi bila ubaguzi. Ni mchezo wenye nguvu. Lakini unamalizika kwa Mama Nadi kukubali kupendwa na kucheza dansi na mwanamume mwema, na hapo twaiona sabuni tena. Mwenye gari wa Brecht hana wa kucheza naye. Na Ituri, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya kambi, ilipofika jukwaani ilisema Kiingereza. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa tangu 2001 zimeeleza jinsi dhahabu na madini mengine ya mashariki ya Kongo yalivyowalisha wenye silaha; wanafunzi wetu wanaishi kando ya barabara zinazopitisha bidhaa hizo. Ni nani basi mwenye haki zaidi ya kumsemesha Courage kwa lugha yake mwenyewe?

Muswada wetu tumeuandika upya. Makosa ya tahajia tuliyoonyeshwa tumeyarekebisha, na tunashukuru kwa hayo. Kuruta amerudi, afande amerudi, magendo yamerudi, na mama anapatana bei mpaka ngoma zinalia. Wanafunzi wa kidato cha tano wamekwisha kuanza mazoezi. Binti anayeigiza Courage aliuliza kama kwenye mazishi aitoe sarafu ya kweli au ya karatasi, nasi tukamwambia aje na ya kweli, ya kwake mwenyewe.